Mwakani Tutakwenda Nyumbani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya nne apewe nini, wala hawakueleza mgeni huyo akikaa miaka thelathini na jembe lake mkononi aitwe nani. Sisi tuliozaliwa Kidodi, chini ya milima ya Vidunda katika wilaya ya Kilosa, tumelifikiri sana jambo hili, hasa mwaka unapokaribia kwisha. Maana Desemba ni mwezi ambao Mtanzania huulizwa swali moja kuliko yote: "Mwaka huu mnakwenda nyumbani?"

Kwa Mchaga aliyeko Dar es Salaam swali hili halina utata. Kabla ya Krismasi mabasi ya Moshi yamekwisha kujaa, aliyechelewa kukata tiketi analia, na aliyewahi anabeba hadi godoro. Kwa mtu wa Kidodi mambo ni mengine. Baba anatoka huku, mama anatoka kule, jirani wa kushoto ni Mbena, wa kulia ni Mpogoro, na neno "nyumbani" likitajwa mezani linahitaji kamati ya kulijadili.

Kidodi imezoea wageni tangu zamani. Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Jenerali van Deventer, Kaburu wa Afrika Kusini, yaliwasukuma Wajerumani kutoka Kilosa kuelekea kusini, yakafika Kidodi karibu na Mto Ruaha Mkuu. Mwisho wa mwaka ule watu waliokuwa mbali na makwao walijaa katika nchi ya Ruaha na Rufiji: Makaburu, Waingereza, Wahindi, askari Waafrika wa pande zote mbili, na wengi kuliko wote, wapagazi. Jeshi lao la wapagazi, ambalo Waingereza waliliita Carrier Corps, ndilo lililoacha jina la Kariakoo pale Dar es Salaam. Januari 1, 1917, Jenerali Smuts akaanzisha mashambulizi mapya kuelekea Rufiji. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya Mwaka Mpya.

Vita ilikwisha, lakini gwaride halikwisha. Vijana waliowaona askari wakipiga hatua kwa mistari waliona ni jambo zuri, isipokuwa risasi. Wakatoa risasi, wakaongeza ngoma. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani, ilienea bara na watu waliotoka jeshini, na huko Songea na mwambao wa Ziwa Nyasa ukashamiri mganda: wanaume katika mistari, shati jeupe, kaptura iliyopigwa pasi, na viongozi wenye vyeo vya kijeshi. Naomba msomaji aukumbuke mganda huu, maana utarudi Kidodi kwa njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa sukari. Kampuni ya Sukari ya Kilombero iliundwa mwaka 1960, na kiwanda cha kwanza, cha Msolwa, kikaanza kazi mwaka 1962 ng'ambo ya mto. Cha pili, cha Ruembe, kilifuata mwaka 1976 upande wetu wa Kilosa. Miwa haijikati yenyewe. Wakaja Wangoni, Wabena, Wahehe, Wapogoro, Wandamba, Wanyakyusa na wengine, kila mtu na panga lake na nia ile ile moja: misimu miwili tu, kisha narudi.

Baba yangu alifika mwaka 1963 kutoka Songea. Hesabu yake ilikuwa fupi: apate mahari, baiskeli na cherehani, kisha arudi kwao. Mahari aliipata, lakini aliilipa hapa hapa, maana alimwona mama. Mama ni Mvidunda. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu nyumbani kwa baba kulikuwa safari ya siku kadhaa, na nyumbani kwa mama kulionekana kutoka mlango wa jikoni. Kila Desemba baba alipoanza kuguna kwamba amekumbuka nyumbani, mama alikwenda mlangoni, akanyoosha kidole mlimani, akasema, "Mimi nimekwisha kwenda na kurudi. Wewe je?"

Pale Kidatu, ng'ambo ya mto, zinakutana reli mbili. Moja inatoka Kilosa kupitia Mikumi, upana wake milimita 1,000. Nyingine ni TAZARA, iliyokabidhiwa kwa nchi zetu mwaka 1976, upana wake milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, chini ya upana wa kiganja, lakini inatosha kuzuia behewa la huku lisiingie kule. Lazima mizigo ishushwe na kupakiwa upya. Ndivyo zilivyokutana koo zetu mbili. Kila upande ulikuwa na njia yake nzuri kabisa, na sisi watoto ndio tuliokuwa wapakiaji, tukihamisha maneno kutoka Kingoni kwenda Kividunda, na mengine yakidondoka njiani na kubaki Kiswahili.

Baada ya TAZARA kufunguliwa, baba hakukosa usafiri. Ungepanda treni hadi Makambako, kisha basi kupitia Njombe hadi Songea. Alichokosa ni mwaka wa kusafiri. Mwaka 1974 ilikuwa Operesheni Vijiji, na mwenye akili hakuiacha nyumba yake ikiwa peke yake. Mwaka 1978 Idi Amin alivamia Kagera. Kisha ikaja njaa ya bidhaa, kisha bati la nyumba, kisha ada za shule. Kila Desemba baba alichukua karatasi, akaandika nauli ya watu wanane, akajumlisha, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. "Mwakani," alisema, "mwakani tutakwenda nyumbani." Tulikuwa tukisubiri tamko hilo kama watu wanavyosubiri mwezi uandame. Likishatoka, sikukuu imeanza, na mama anaweza kumkamata kuku.

Sikukuu zenyewe zilikuwa na utaratibu. Mwezi huo mvua zinaanza, pesa za msimu bado zina joto, na kila kabila lina kiwanja chake. Watu wa Iringa walileta ulanzi, wenye pombe ya mahindi wakaleta yao, na majirani Waislamu, waliokuja kula wali wetu wa Krismasi, walijua kwamba sisi tutakuwa wa kwanza kwao siku ya Idi. Desemba 2000 Idi el Fitri na Krismasi zilipishana kwa siku chache tu, na nadhani kuku wa Kidodi hawajausahau mwaka ule.

Jioni ya Krismasi watu wa Songea na Nyasa walicheza mganda. Baba, ambaye kwenye orodha ya mishahara alikuwa namba tu, siku hiyo alikuwa kepteni. Alikuwa na kofia yenye utepe mwekundu iliyolala sandukuni mwaka mzima ndani ya gazeti. Mtu aliyeinama shambani miezi saba alisimama wima, akapiga hatua, na mistari miwili ya wanaume ikamtii. Sisi watoto tulicheka, kwa kuwa saa mbili kabla tulimwona akibishana na mama juu ya firigisi na kushindwa. Leo nikiikumbuka kofia ile sicheki sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo Mungu alipotufanyia mzaha. Miwa ilituzunguka pande zote, usiku harufu ya kiwanda iliingia hadi kitandani, lakini dukani sukari hakuna. Nchi nzima ilikuwa katika foleni: vita ilikuwa imekula fedha, mafuta yalikuwa ghali, na kila kitu kiligawiwa kwa mgao. Ndugu zetu wa Dar es Salaam waliandika barua kutuomba sukari, "kwani ninyi si mko kiwandani?" Barua hiyo ilipishana njiani na yetu ya kuwaomba wao. Ilipokuja vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, mwenye kilo mbili aliificha kama mwenye bunduki. Chai ya Krismasi tuliinywa chungu, huku kila mmoja akitafuna kipande cha muwa pembeni.

Umeme nao ulikuwa vivyo hivyo. Bwawa la Kidatu lilianza kuzalisha mwaka 1975, na kufikia mwaka 1980 uwezo wake ulikuwa megawati 204. Nyaya nene zilipita juu kwenda kuangaza Dar es Salaam, na chini yake tuliwasha koroboi. Betri za redio tulizianika juani ili zipate nguvu ya hotuba ya Rais ya Mwaka Mpya. Hotuba ilifika katikati, sauti ikafifia, na wazee wakabaki wakibishana hadi usiku wa manane jinsi ilivyokwisha.

Baba alifariki mwaka 1994, kabla msimu haujaisha. Hapo swali la Desemba likaja kwa sura yake halisi: azikwe wapi? Wadogo zake walifika kutoka Songea wakisema Mngoni hawezi kulala ugenini. Mama hakusema neno. Wazee wa chama cha kuzikana wakaleta daftari. Humo ziliandikwa shilingi za baba za kila mwezi, miaka zaidi ya ishirini, na majina ya watu aliowachimbia kaburi kwa mikono yake. Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba daftari lina safu ya sanda, ya mbao na ya unga, lakini safu ya nauli halina.

Watani ndio waliokata shauri. Utani wa makabila yetu ni mtoto wa vita na safari za karne ya kumi na tisa. Wazaramo na Wanyamwezi walitaniana kutokana na misafara ya pwani na bara, na Wangoni walipata watani kati ya watu waliopigana nao. Wangoni na Wahehe walipigana tangu 1878 hadi 1882 bila mmoja kummaliza mwenzake, na watu wasioweza kumalizana huna budi kuwaachia kucheka. Mtani mmoja kutoka Iringa akaruka ndani ya kaburi, akalala, akasema hatoki. "Mngoni huyu alikuja kwa miguu," akapaza sauti, "leo anataka kurudi kwa gari? Nani kampandisha cheo?" Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Baba wadogo wakatoa fidia ya kumtoa mtani kaburini, na kwa kutoa fidia ile wakawa wamekubali kwamba kaburi ni hilo. Waliporudi Songea walichukua kofia yenye utepe mwekundu. Basi ndiyo iliyokwenda nyumbani, imepakatwa magotini, bila kulipa nauli.

Desemba iliyofuata tulikwenda sisi. Tulipokewa vizuri mno, na wema huo ndio uliotushtua: tuliwekewa viti, tukanunuliwa soda, watoto wakaitwa waje kuwaona "wageni kutoka Kidodi". Tulipozungumza Kingoni chetu, bibi mmoja akauliza kama hiyo ni lugha ya Morogoro. Siku ya tatu mvua ikanyesha, baba mdogo akaleta majembe, tukaenda kupanda mahindi. Jioni hiyo hatukuitwa wageni tena, na mimi nikakumbuka kwamba Kidodi nao walimpa baba panga siku ya tatu, na kwamba hakuna aliyemnyang'anya tena.

Mwaka 1998 kampuni ilibinafsishwa. Illovo ya Afrika Kusini na ED&F Man ya Uingereza zikachukua hisa nyingi, Serikali ikabaki na asilimia 25. Wazee wengi wa rika la baba walikuwa wamestaafu au walistaafu wakati huo, wakashika pesa mkononi, na kila mmoja alikuwa ameapa kwamba siku hiyo atapanda treni. Hawakupanda treni, walipanda miwa. Wakanunua vishamba, wakawa wakulima wadogo wanaouza miwa kiwandani, na mwisho wa mwaka wakaendelea kuguna kwamba wamekumbuka nyumbani.

Mdogo wangu sasa yuko Uingereza, na jirani zake ni Wanijeria. Anatuambia sherehe zao za mwisho wa mwaka hazina mfano: ukoo mzima hushona sare ya kitambaa kimoja, ambayo Wayoruba huiita aso ebi, mwenye sherehe hutunzwa kwa noti za kubandikwa usoni, na ugomvi mkubwa ni nani apike wali wao wa jollof. Watanzania wa mji ule nao hukutana kusherehekea Desemba 9, ila huisogeza hadi Jumamosi kwa kuwa siku ya kazi hawapewi ruhusa, na wao hugombana juu ya pilau. Mwaka jana, anasema, alishika kipaza sauti akapanga watu katika mistari. Watoto wake walicheka sana.

Usiku wa Mwaka Mpya alipiga simu. Mama, ambaye sasa ni mzee na bado anauona mlima wake kutoka mlango wa jikoni, alimsikiliza akieleza bei ya tiketi za ndege kwa watu watano, likizo za kazini na shule za watoto. Mwishowe akasikia alichokuwa akikisubiri: "Mama, mwakani tutakuja nyumbani." Akairudisha simu mezani, akasema, "Baba yenu huyo," akaenda kumkamata kuku.