Ardhi Iliyoitwa Tupu

Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ilipokuwa ndiyo kwanza inazaliwa, mkuu wake wa utawala alitia sahihi amri fupi juu ya ardhi. Amri ile ilikataza kuwanyang'anya wenyeji ardhi wanayokalia. Kisha ikatamka kwamba ardhi yote iliyo tupu ni mali ya Dola. Kwa masikio ya mgeni, maneno hayo yaweza kuonekana ya haki. Lakini ni nani aliyepewa kazi ya kusema kwamba mahali fulani ni patupu?

Vijana wapenzi, swali hilo ndilo linalotufanya tuanzie mbali hivi. Katika vikundi vyetu huulizwa mara nyingi kwa nini tusumbuke kwenda kwenye mikutano ya kupanga matumizi ya ardhi, ambako wazee hubishana siku nzima juu ya kijito kimoja. Tungependa kujibu kwa historia.

Ofisa wa Dola alipotazama nchi, aliona nyumba na mashamba yaliyokuwa chini ya jembe siku ile. Shamba lililoachwa lipumzike miaka kadhaa hakuliona. Msitu wa kuwinda, wa kuokota uyoga na viwavi, wa kuchimba dawa, hakuuona. Hakuyaona matongo pia, yaani mahali pa vijiji vya kale ambapo makaburi ya mababu yangalipo. Hayo yote yaliandikwa tupu. Mfalme Leopold wa Pili, ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja, akagawa sehemu kubwa za "utupu" huo kwa makampuni ya mpira, na ni katika utupu huo watu walilazimishwa kugema mpira kwa vitisho na mijeledi.

Baadaye Wabelgiji walihamisha vijiji vingi na kuvipanga kando ya barabara, ili kodi na kazi zisimamiwe kwa urahisi. Hivyo matongo yakaongezeka, na kwa kipimo kilekile, utupu ukaongezeka. Huku Kivu, mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, chombo kilichopewa mamlaka ya kugawa ardhi kubwa kwa walowezi.

Hata hivyo ni lazima tuseme ukweli wote. Mwaka 1934 utawala wa kikoloni ulitoa dekreti iliyodai uchunguzi: kabla ardhi haijatolewa, haki za wenyeji juu yake zitafutwe na kuandikwa. Kwa karatasi, mwenyeji alipewa nafasi ya kusema. Lakini chifu aliyethibitishwa na utawala, na ambaye utawala huohuo ungeweza kumwondoa, angejibu nini mbele ya bwana mkubwa? Wanawake, ambao ndio waliolijua shamba kuliko wote, nani aliwaita?

Uhuru haukulifuta tatizo hilo. Mwaka 1970 Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega iliundwa juu ya hekta 60,000 hivi, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000 hivi. Sokwe walihitaji kulindwa, na hatulipingi hilo. Lakini Watwa walioishi katika msitu ule kwa kuwinda na kuokota hawakuwa na shamba la kuonyesha, na walitolewa bila kukubali. Msitu ukachorwa kana kwamba hakuna aliyewahi kuutaja kwa jina. Ugomvi uliozaliwa hapo ungalipo hata leo, na umewaumiza watu, ukaumiza na msitu wenyewe.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilifanya mambo mawili yasiyolingana. Iliahidi kwamba haki za jamii juu ya ardhi zao zitapangwa kwa agizo la Rais, nasi tuliongojea agizo hilo miaka na miaka. Lakini ilihifadhi pia ule uchunguzi wa zamani: ombi la ardhi ya shamba libandikwe mahali pa matangazo, na mwezi mmoja upite kabla uchunguzi haujafungwa, ili mwenye dai aseme. Tangazo lenyewe huandikwa kwa Kifaransa. Wangapi kati yetu wamewahi kusimama kulisoma?

Kanuni ya misitu ya mwaka 2002 ilikwenda mbele zaidi. Ilikubali kwamba jamii yaweza kupewa msitu inaoumiliki kwa desturi. Dekreti ya kutekeleza neno hilo ilikuja mwaka 2014, yaani baada ya miaka 12. Kisha mwaka 2016 agizo la waziri likaeleza namna ya kuusimamia. Jamii yaweza kupata hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Lakini kuna masharti: mkutano wa jamii uketi, halmashauri ichaguliwe, mipaka ikubaliwe na majirani, na mpango uandikwe unaoonyesha pa kulima, pa kuwinda, na pa kuacha kabisa ili maji yasikauke.

Hapo ndipo kazi ya ramani inapoanza. Mzee hutangulia na panga, akitaja kila mto na kila tongo. Mama huonyesha chemchemi na mahali kuni zilipokwisha. Kijana hushika chombo cha GPS na kuandika. Yule kijana akikosekana, majina hubaki kinywani mwa mzee. Mzee akikosekana, chombo huandika namba tu. Na Watwa wa kijiji wasipoitwa, tunakuwa tumerudia sisi kwa sisi kosa la mwaka 1885, safari hii kwa mwandiko wetu wenyewe.

Kwa sababu hiyo tunawaomba, katika kikao kijacho cha kikundi, mtume wawili kati yenu hadi ofisi ya teritware wakatazame ubao wa matangazo. Wanakili lililobandikwa, tarehe yake na jina la mahali. Kisha lisomwe kwa Kiswahili mbele ya wazee, kabla ule mwezi mmoja haujaisha.