Sheria ndogo kuliko sisi

Nikizungumza hapa kambini kuhusu vijana wanaopenda watu wa jinsia yao, karibu kila mzee wa kwetu ananijibu neno moja: "Hicho kitu sheria ya Burundi inakikataza tangu zamani." Wazee nawaheshimu, lakini katika hili historia haiko upande wao. Burundi ilipata uhuru mwaka 1962 na ikakaa karibu miaka 47 bila sheria ya namna hiyo. Ilipoandikwa, mimi nilikuwa tayari niko darasani, shule ya msingi.

Majirani zetu ni hadithi nyingine. Kenya, Uganda na Tanganyika walirithi vifungu vyao kwa Mwingereza. Mbelgiji, aliyetuachia sisi sheria za jinai, hakuacha kifungu cha kumfunga mtu mzima kwa sababu ya kupendana na mwenzake wa jinsia moja. Sisemi maisha yalikuwa mepesi. Watu walijificha, wengi walioa au kuolewa ili wazazi wanyamaze. Ila polisi hakuwa na karatasi ya kumshikia mtu, na mkurugenzi wa shule vilevile.

Mambo yalibadilika mwaka 2009. Serikali ilikuwa inatengeneza Kanuni mpya ya Adhabu, na kwa kweli ndani yake kulikuwa na mazuri: iliondoa adhabu ya kifo, ikaweka mateso kuwa kosa. Katika safari hiyohiyo kikaingizwa kifungu cha 567: miezi mitatu mpaka miaka miwili jela, na faini ya faranga 50,000 hadi 100,000. Watu wengi hawajui kwamba Seneti ilikikataa mwezi wa pili. Maseneta wa Burundi, si wazungu. Tarehe 6 Machi chama tawala kikaita maandamano Bujumbura, maelfu wakatembea barabarani, halafu Bunge likakirudisha. Tarehe 22 Aprili 2009 Rais Nkurunziza akatia saini. Mwaka 2017 Kanuni iliandikwa upya, kifungu kikapewa namba 590, adhabu ikabaki ileile.

Lakini mwanafunzi wa miaka 16 hakuogopa sana jela. Kilichomgusa ni kingine, kilichokuja Juni 2011: amri ya wizara ya elimu iliyoweka kanuni za shule, na kati ya makosa ya kumfukuzisha mwanafunzi ikahesabu ushoga. Iliyo muhimu hapa ni tofauti kati ya mahakama na shule. Mahakamani angalau kuna mashahidi, kuna mtu wa kukutetea, kuna hakimu wa kusema haikuthibitika. Shuleni inatosha barua iliyookotwa chini ya godoro, wasichana wawili wanaolala kitanda kimoja bwenini kwa sababu ya baridi, au mvulana anayetembea "kama msichana". Prefe wa nidhamu anaita mzazi. Mzazi anaambiwa sababu mbele ya watu. Siku moja, basi, mtoto amepoteza masomo na nyumbani kwa pamoja.

Fikiria hilo kwa mtoto wa Kigwena. Mnaopajua mnajua: ni barabara moja, ile ya ziwani inayotoka Rumonge kwenda Nyanza-Lac, msitu mmoja upande, michikichi pande zote, na kila mtu anajua mtoto wa nani kapita. Bujumbura mtu akifukuzwa anaweza kuhamia mtaa mwingine na kuanza upya. Kigwena sababu ya kufukuzwa inafika sokoni kabla yako. Kinachobaki ni kukamua mawese ya watu, kulala ziwani na wavuvi wa ndagala, au kupanda mtumbwi. Baadhi ya vijana tulionao hapa wamekimbia namna hiyo, na kwenye fomu wameandika "usalama" tu. Hawakudanganya.

Hapa nataka kusema jambo ambalo linaweza kuwaudhi wengine. Upande wetu wa kusini, shule ina kumbukumbu mbaya ya majina. Mwaka 1972, baada ya tarehe 29 Aprili, mambo yalipoanzia kwetu Rumonge na Nyanza-Lac, wanafunzi Wahutu waliitwa kwa majina katika shule za nchi nzima, wakachukuliwa, na wengi hawakurudi. Waliopona walivuka hadi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na watoto wao ndio wengi waliorudi kuijaza Kigwena. Halafu tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, Bururi, washambuliaji waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa. Waliuawa 40.

Silinganishi kuuawa na kufukuzwa shule. Wafu wetu wana heshima yao. Nauliza tu: watu ambao tunawakumbuka watoto wa Buta kila mwaka kwa sababu walikataa kutengwa, tunakubalije kirahisi hivi mwalimu asimame mbele ya darasa na kusema huyu si mwenzenu?

Na kutengwa kunaua pole pole, hata bila mkono wa mtu. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kati ya vijana wa miaka 15 hadi 29 ni moja ya sababu kubwa za kifo. Mwaka uleule wa 2011 wa amri yetu, huko Oregon, Marekani, ulitoka utafiti wa wanafunzi karibu 32,000 wa sekondari. Kati ya waliosema wanapenda jinsia yao au jinsia zote mbili, asilimia 21.5 walikuwa wamejaribu kujiua katika miezi 12 iliyopita. Kati ya wengine ilikuwa 4.2. Mtu wa haraka atasema: unaona, ni ugonjwa wao. Lakini utafiti haukuishia hapo. Walipolinganisha wilaya na wilaya, mahali ambapo mazingira, ya shule yakiwemo, hayakuwaunga mkono wanafunzi hao, hatari ya kujaribu ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 20. Vijana wa aina moja, jimbo moja, shule tofauti. Kwa hiyo ukuta wa shule una kazi yake.

Sisemi kila kifo kina sababu moja. Kijana huwa amebeba vita, njaa, mzazi aliyepotea, mapenzi yaliyovunjika. Nasema tu kwamba tukimwongezea na hili, tunajua tunachofanya.

Hali nyumbani haijapoa. Februari 2023 watu 24 walikamatwa Gitega kwenye semina na kushtakiwa. Desemba mwaka huo Rais Ndayishimiye alisema hadharani watu hao wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Redio inasikika hadi hapa, na kijana wako aliisikia akiwa amekaa na wewe kwenye mkeka. Ulisema nini dakika ile? Yeye anakumbuka.

Kwa mchungaji, shehe na mama mlezi: sikuombi ubadilishe imani yako. Naomba mtoto asitolewe nje usiku. Ukiona kijana amejitenga, anagawa vitu vyake, anasema yeye ni mzigo, au ghafla anaaga watu, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo kichwani, mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapumua. Usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari karibu naye, mfikishe kwa mshauri au zahanati. Kenya na Tanzania namba 116 ya watoto hupigwa bure. Na usiogope polisi kuliko kifo: Kenya, ambako aliyejaribu kujiua alihesabiwa mkosaji kwa kifungu cha 226, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, neno langu ni dogo na ni la kazi. Mnaweka mabango ya "hapa ni salama", asanteni. Lakini angalieni nani amekaa kwenye kile kiti cha tatu. Mkalimani wenu wa Kirundi mara nyingi ni jirani, anasali na mama wa kijana, anachota maji bomba moja na dada yake. Kijana akimwona, atawaambia anaumwa kichwa, mtampa panadol, na kwenye faili mtaandika kichwa. Mpeni achague mkalimani, hata kwa simu kutoka kambi nyingine. Na msimpigie mzazi kabla ya kumuuliza yeye mzazi anajua nini.