Tembe la Ujiji



Mwanafunzi mmoja wa Ujiji anajenga chumba kidogo uani, mama yake mzee apate kulala humo. Akaniuliza: "Bwana Mwalimu, mchana bati hutuchoma, na usiku wa Julai baridi huingia. Nifanyeje?" Nikamwambia kwanza asikilize habari ya mwaka 1871.

Mwaka huo Bwana Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alifika Ujiji akimtafuta Daktari Livingstone. Akamkuta, wakaenda kuketi barazani pa tembe lake, chini ya ukingo mpana wa paa. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo, na kwa desturi paa lake ni bapa, la miti iliyofunikwa udongo. Stanley aliandika kwamba barazani palikuwa na mkeka na ngozi ya mbuzi. Ngozi ya pili ilipigiliwa ukutani, mgongo wa mzee usiguse udongo wa baridi.

Fikirini: nje jua la Ujiji, na ukuta ni baridi hata mtu ataka ngozi! Sababu ni kwamba udongo mnene hupokea joto polepole, na usiku hulirudisha polepole. Bati ni jembamba. Hupata moto upesi, hupoa upesi.

Basi kwa nini watu waliacha tembe? Si ujinga. Mvua za Kigoma ni nyingi, na paa bapa la udongo huvuja, hutaka kutengenezwa mara kwa mara. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, ikawa rahisi kuleta mabati kutoka pwani kwa gari moshi. Mimi mwenyewe nalala chini ya bati.

Kwa hiyo nilimshauri achanganye: kuta nene za matofali ya udongo, bati lenye ukingo mpana, chini yake dari ya mikeka, na matundu juu ya kuta pande mbili, hewa ya moto itoke. Wakati wa baridi mama apewe blanketi la pili. Jiko la makaa lisiingie chumbani kamwe. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika chumba kilichofungwa mtu huweza kulala asiamke tena.

Tembe lile halipo tena. Mahali pale pana mnara na makumbusho. Mwanafunzi wangu alikwenda kupatazama, akarudi akiuliza bei ya ngozi ya mbuzi.