Nganya: Hivi Ndivyo Ngoma Hugeuka Picha Barabarani

Kama uko Chewele, gari unalolijua ni lile la kukufikisha Hola ama Garsen, na mizigo juu. Siku ukishuka Nairobi utakutana na lingine. Linaitwa nganya, na utalisikia kabla hujaliona, besi kwanza.

Nganya ni matatu, sanasana basi la viti 33, iliyochorwa kuanzia mbele mpaka mlango wa nyuma. Kazitafute laini ya Rongai (125) ama Buruburu (58). Ubavuni utapata sura ya 2Pac, Bob Marley ama msanii wa hapa kwetu, kubwa kuliko dirisha. Na si urembo wa nje tu. Ndani kuna spika, skrini na taa zinazocheza na biti, ndio uingie kwenye ngoma uliyoiona imechorwa. Mimi nikiwa chuo niliacha gari tupu zipite nikingoja moja yenye ngoma kali. Lecture ilianza bila mimi, sana tu.

Kazi yenyewe si mchezo. Fundi hupiga bodi msasa, huziba mashimo kwa puti, hupaka rangi ya chini, halafu sura inakuja polepole kwa eyabrashi, kivuli juu ya kivuli. Macho ndio mtihani. Ukiyakosea, mtaa wote utauliza huyo ni nani. Wengi wamejifunzia gereji, kwa kumshikia mwenzao rangi.

Sanaa hii nusura izimwe. Februari 2004 sheria za waziri John Michuki zilianza kung'ata: mikanda, spidi gavana, laini ya njano ubavuni. Michoro ikawa kesi, na karao akapata sababu nyingine ya kusimamisha gari. Mwisho wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema hadharani michoro iachwe, kwa sababu vijana wanakula hapo. Mafundi wakarudi kazini.

Lakini adui mkubwa wa hizi picha ni ngoma mpya. Msanii akipoa, mwenye gari anataka sura nyingine, na ile ya zamani inapigwa msasa. Hakuna jumba la makumbusho linaloingoja. Kwa hivyo ukipanda, angalia kona ya mchoro: mafundi wengine huacha jina lao hapo, dogo, karibu na tairi. Ukipiga picha, hakikisha hilo jina limeingia.