Bakuli la Ng'ambo, Wali wa Pwani

Makaburi ya kale ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yana kitu ambacho mtu wa kazi yangu hawezi kukipita hivi hivi. Kwenye nguzo na kuta za makaburi yale waashi walipachika sahani na mabakuli ya kaure, wakayakaza chokaa ikiwa bado mbichi. Mengine yameng'olewa, vikabaki vishimo vya duara vyenye upana wa bakuli la supu. Mambrui, karibu na Malindi, ipo nguzo ya kaburi iliyopambwa kwa mabakuli ya China ya zama za Ming. Mimi nina mgahawa Bagamoyo. Nimeosha vyombo tangu mkono wangu ulipofika ndani ya beseni, na nikiona bakuli swali langu la kwanza ni linatiwa nini. Mfinyanzi wa China alilitengeneza lile litiwe chakula. Wazee wetu wakalipandisha juu ya kaburi la mkubwa wao.

Historia ya vyombo vya kulia huku Pwani ndiyo hiyo. Tumenunua kwa kila aliyeleta jahazi, na kila chombo tumekipa kazi ambayo aliyekitengeneza hakuijua. Naandika kwa sababu nimechoka kuambiwa kuwa sahani, bakuli na kikombe ni ustaarabu tulioletewa na wageni. Vyombo vililetwa, sikatai. Namna ya kula navyo tulikuwa nayo wenyewe.

Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mji wa kale wa Gedi mwaka 1948, na Neville Chittick akachimba Kilwa miaka ya 1960. Wote walikuta vigae vya mabakuli ya kijani kutoka Longquan, China, vya kaure nyeupe yenye michoro ya buluu, na vya vyombo vilivyong'arishwa kutoka nchi za Ghuba na Uajemi. Vigae hivyo ndivyo vinavyowekwa makumbusho. Lakini sehemu kubwa ya kilichotoka ardhini ni vyungu na mabakuli ya udongo wa hapa hapa, na hayo watu huyapita haraka wakiyaona.

Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette, waliochimba Pemba, waliyatazama hayo ya hapa hapa. Zamani zaidi vyungu ndivyo vilivyotawala. Kuanzia karne ya 11 hivi mabakuli ya wazi yakaongezeka, ya kuagiza na ya kufinyangwa kisiwani, mengine yamepakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka yakang'aa. Wakati huo huo mchele ukawa unachukua nafasi ya uwele kwenye mabaki ya chakula. Fleisher anaona hapo karamu: watu wenye uwezo wakialika, wakilisha, wakijijengea jina. Namuamini, kwa sababu tofauti ya chungu na bakuli naijua kwa kazi. Chungu kinakaa jikoni, na aliyepakua peke yake ndiye anayejua kimebaki nini. Bakuli la wazi linakwenda katikati ya watu, na kila jicho linaona mwenyeji ametoa kiasi gani.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa wali wa samli kwenye chano kikubwa cha mbao, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni vyombo vingine vilikuwa na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Alikuwa mgeni wa sultani, katika mji wa bandari wenye biashara kubwa, na bado wali wake ulikuja kwenye mbao. Mimi sioni unyonge hapo. Chano cha mbao hakiunguzi mikono ya wanaokibeba, na wali haupoi upesi. Mpango wake ni ule ule ninaoupanga mimi siku ya shughuli: wali katikati, achari na mtindi pembeni.

Kaure ilipoingia ndani ya nyumba ilipewa ukuta. Lamu na Pate, nyumba za mawe za waungwana zilikuwa na safu za vidaka vya chokaa iliyochongwa, na humo zikapangwa sahani na mabakuli mgeni akiingia ayaone. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, alipotaka kuonyesha kuanguka kwa Pate alivitaja vidaka hivyo hivyo vya sahani, sasa vimekuwa viota vya ndege. Na Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 anaeleza vyumba vyenye vidaka vilivyojaa sahani na bilauri za thamani, ambazo watu walizinunua kwa bei yoyote mradi zipendeze.

Kazi nyingine nimeikuta kwa bibi yangu mwenyewe. Alikuwa na sahani moja nyeupe, haina ua wala mstari, inakaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Mtoto akiugua, mwalimu wa chuoni alikuja akaandika aya kwa zafarani juu ya sahani ile, maandishi yakaoshwa kwa marashi ya waridi, mgonjwa akanywa lile kombe. Sahani ile haikutiwa mchuzi hata siku tuliyojaliwa wageni wengi. Kiwanda kilichoitoa kiliiuza kama sahani ya chakula, na sidhani kama nyumbani kwetu iliwahi kubeba chakula hata kimoja.

Wavuvi na wakulima walipata mabakuli yao ya ng'ambo katika karne ya 19, viwanda vya Ulaya vilipoanza kuyatoa kwa wingi na kwa bei nafuu. Mengi yalitoka Maastricht, Uholanzi, kwenye viwanda kama cha Petrus Regout, yakashushwa Zanzibar na kutawanyika mwambao mzima. Ninalo moja nililorithi. Maua yake mekundu na majani ya kijani yamegongwa kwa sponji, si kwa brashi. Ukilitazama kwa karibu unaona ua moja limegongwa juu ya jingine na rangi imevuja kidogo pembezoni. Rangi nyeupe ya ndani imepasuka nyufa nyembamba kama nywele, na samli ya miaka mingi imezitia umanjano. Kitako kimemeguka upande mmoja, kwa hiyo likiwekwa juu ya meza linayumba, ila juu ya mkeka linatulia. Bibi alilitumia kama kipimo. Futari ya jirani ilikuwa bakuli hilo likiwa limejaa, na bakuli la jirani halikurudishwa tupu.

Kahawa ilikuwa na vyombo vyake: dele la shaba lenye mkaa chini, na vikombe vidogo visivyo na mkono. Washihiri, watu wa Hadhramaut, ndio waliojulikana sana kwa biashara hiyo katika miji ya Pwani. Muuzaji alivigonganisha vikombe kiganjani akipita mtaani, na ule mlio ndio uliowatoa watu barazani. Kikombe kile kinajaa mafunda machache tu, kwa sababu kahawa tungu hainywewi kwa kiu. Inanywewa kwa mazungumzo, na mtu anaongezewa.

Chai ilileta kikombe chenye mkono na kisahani chake. Kisahani kwa kawaida ni cha kushika kikombe na matone. Wazee wa kwetu wakakigeuza kuwa chombo cha kunywea: chai inamiminwa humo, inapoa upesi kwa kuwa imetandaa, kisha inavutwa kwa midomo. Hadi leo mzee mmoja mvuvi akifika kwangu alfajiri, baada ya shikamoo na marahaba, haagizi chai tu. "Mwanangu, usinisahau na kisahani," ananiambia, na mimi visahani vya udongo naendelea kuviweka kwa ajili yake na wenzake, ingawa vinavunjika.

Mama yangu alianza kupika miaka ya 1980, wakati mshahara haukufika mwisho wa mwezi na bidhaa za dukani zilikuwa adimu. Ndiyo miaka ambayo mama ntilie walijaa mijini, kwenye majengo yanayojengwa, bandarini na masokoni. Yeye alikaa karibu na soko la samaki na sahani za bati, nyeupe zenye ukingo wa buluu, nyingine za kuazima. Kila sahani alikuwa ameitia doa la rangi nyekundu chini. Vyombo vya mtaa vilizunguka kutoka harusi hadi msiba, na bila alama usingepata chako. Bati likigonga jiwe rangi inabanduka na chuma kinashika kutu, lakini sahani haivunjiki, na katika miaka ile sahani iliyovunjika haikupatikana nyingine.

Kwake nilijifunza matumizi ambayo sijayaona yameandikwa kokote. Sahani ya kina ni ya wali na mchuzi au maharage. Bapa ni ya ugali na samaki wa kukaanga, na mchicha ukae kwenye kibakuli, usilowanishe ugali. Supu ni bakuli zito, lishike moto. Jagi na beseni vinatangulia kabla ya yote. Na sahani ya mtu anayekula kwa mkono lazima iwe na ukuta: vidole vinausukuma wali mpaka ukingoni, tonge linakazwa pale, ndipo linanyanyuliwa. Sahani za hoteli kubwa, zenye ukingo mpana uliolala, zimetengenezewa uma na kisu. Mkono ukisukuma, wali unamwagika mezani. Ndiyo maana nikienda Kariakoo kununua sahani za melamini napitisha vidole kwanza, nikisukuma wali ambao haupo. Mwenye duka amezoea.

Sinia ndilo limerudi kwa nguvu. La shaba lilikuwa la wenye nacho. La alumini likawafikia wengi, hasa baada ya kiwanda cha Kaluworks kuanza kazi Mombasa mwaka 1929. Shughulini linazungukwa na watu wanne au watano. Sasa vijana wanaotoka Dar es Salaam mwisho wa wiki wanaliagiza mgahawani, pilau au biriani, na wengine wanaomba vijiko. Nawapa. Nimewaangalia: kila mmoja anakula upande wake, hakuna anayevuka mpaka, na nyama inaachwa katikati mpaka mkubwa wao aigawe.