F-19: Modeli ya Ndege Ambayo Haikuwepo

Leo tuweke uandishi wa programu kando kidogo, ingawa tutaurudia kabla hatujamaliza. Nataka tuzungumze kuhusu modeli za plastiki za ndege za kivita, zile zinazouzwa vipande vipande ndani ya sanduku, nawe unavikata, unavipiga msasa, unaviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi. Hasa nataka tuitazame modeli moja iliyozua kelele hadi bungeni Marekani mwaka wa 1986.

Kwanza tuelewe utaratibu wa kawaida. Mbunifu wa modeli huanza na ndege halisi. Huipima, huipiga picha, hutafuta michoro yake, kisha hugawanya kila kipimo kwa 48 au kwa 72. Ukiona skeli ya 1/72 kwenye sanduku, maana yake ni kwamba inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege yenyewe. Je, utafanyaje ukitaka kuunda modeli ya ndege ambayo serikali haikubali kwamba ipo?

Swali hilo lilimkabili John Andrews, mbunifu wa Testors, kampuni ya Rockford, Illinois, iliyojulikana zaidi kwa rangi na gundi za modeli. Miaka hiyo kulikuwa na fununu kwamba kampuni ya Lockheed imeunda ndege isiyoonekana kwenye rada. Tena kulikuwa na pengo katika hesabu: baada ya F-18 ilikuja F-20. F-19 ilikwenda wapi? Wengi waliamini kwamba hiyo ndiyo ndege ya siri.

Basi mwaka wa 1986 Testors wakatoa F-19 kwa skeli ya 1/48. Ilikuwa laini kama kokoto ya mtoni: mabawa ya mviringo, vibawa vidogo mbele na mikia miwili iliyoinamiana. Wazo lake lilikuwa kwamba umbo lililopinda huyatawanya mawimbi ya rada. Watu waliinunua kwa wingi.

Huko Washington mambo yakachemka. Mbunge Ron Wyden wa Oregon alilalamika kwamba kitu ambacho yeye haruhusiwi kukiona kinauzwa madukani ndani ya sanduku la modeli. Na halikuwa jambo la mzaha. Tarehe 11 Julai mwaka huohuo, ndege moja ya siri ilianguka usiku katika msitu wa Sequoia, California, na rubani wake, Meja Ross Mulhare, akafa. Jeshi la Anga lilifunga eneo lote na likakataa kusema ni ndege gani. Hebu fikiria: mtu amekufa ndani ya ndege ambayo rasmi haipo, huku watoto wanaunganisha mabawa ya ndege inayodaiwa kuwa ndiyo hiyo mezani kwao.

Tarehe 10 Novemba 1988 siri ilifichuliwa. Ndege ilikuwepo kweli, lakini jina lake lilikuwa F-117, na haikufanana na modeli ile hata kidogo. Haikuwa na mviringo popote. Ilikuwa mkusanyiko wa vipande bapa vyenye kona kali, kama almasi iliyochongwa na mtu mwenye haraka. Hata picha ya kwanza iliyotolewa ilipigwa kwa pembe iliyoficha jinsi mabawa yalivyolala nyuma, na michoro mingi ya mwanzo ikakosea.

Kwa nini vipande bapa? Hapa ndipo tunaporudi kwa programu. Mwaka wa 1962 mwanafizikia wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev, alichapisha waziwazi kazi kuhusu jinsi mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo za vitu. Wamarekani waliitafsiri mwaka wa 1971. Denys Overholser wa Lockheed aliisoma, na kutokana nayo ikazaliwa programu iliyoitwa Echo 1. Programu hiyo iliweza kukadiria mwangwi wa rada kutoka kwa vipande bapa. Kupiga hesabu za maumbo yaliyopinda kulizidi uwezo wa tarakilishi za miaka ya 1970. Kwa hiyo umbo la F-117 liliamuliwa na kile ambacho mashine iliweza kukokotoa.

Siku 12 tu baadaye, tarehe 22 Novemba 1988, ndege ya B-2 ilionyeshwa hadharani huko Palmdale. Umbo lake? Laini na lililopinda! Wazo la mviringo halikuwa upuuzi. Kilichohitajika kilikuwa tarakilishi zenye nguvu zaidi.

Nimejenga zote mbili, F-19 na F-117, na tofauti unaihisi vidoleni. F-19 inasamehe. Sehemu iliyounganishwa vibaya unaipiga msasa mpaka mstari upotee, na hakuna atakayejua. F-117, yenye urefu wa karibu sentimita 42 kwa skeli hiyo, haina huruma. Msasa ukizidi mara mbili tatu, ukingo unakuwa butu na ndege inaonekana kama sabuni iliyotumika. Mimi huubandika msasa juu ya kipande cha kioo ili ubaki bapa. Kisha kuna yale meno kama ya msumeno kwenye kingo za milango, yaliyowekwa ili mwangwi usirudi kwa rada. Usiyazibe kwa rangi nzito. Ukiyapoteza, umepoteza maana ya ndege nzima.

Wapo wanaosema F-19 ni kichekesho na haistahili kukaa kabatini pamoja na ndege za kweli. Sikubaliani nao. Modeli yoyote hukuonyesha kile ambacho muundaji wake alikijua, na hii inakuonyesha raia walikisia nini pale serikali yao ilipokataa kusema. Wanasiasa walihofia kwamba siri imevuja kupitia sanduku la plastiki, kumbe sehemu kubwa ya siri hiyo ilikuwa imechapishwa Moscow tangu 1962, ikimsubiri mtu wa kuisoma.