Sanduku la Kufuli Tatu

Mzazi aleaye watoto peke yake, awe mjane au aliyeachwa, hakosi bidii. Hukosa dhamana ya kupeleka benki. Mwaka 1991 wanawake wa Maradi, nchini Niger, wakisaidiwa na shirika la CARE, walianza kuweka akiba pamoja na kukopeshana. Mfumo huo ulifika Tanzania, na sheria ya mwaka 2018 ya huduma ndogo za fedha ikavitambua vikundi vya namna hiyo. Hisa hununuliwa mbele ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu. Mwisho wa mzunguko, akiba na faida hugawanywa. Hapo mama hapokei sadaka, huchukua kilicho chake. Lakini asiye na fedha ya hisa hata moja hubaki nje. Huyo ndiye deni letu.